Pimeni ala kwanza, muhuri usomwe mwisho

Bwana Mhariri,

Ala ya ngozi mliyoichapa kwenye ukurasa wenu wa historia ya mji, mkasema ni ya revolva ya enzi za Léopold II, mfalme wa Ubelgiji, si ya revolva. Mpiga picha hana lawama. Hapa Lubumbashi karibu kila mfuko wa bastola uliochakaa huitwa "wa Léopold" ili bei ipande, na mnunuzi naye hupenda kusikia hivyo.

Tazameni tena ile picha. Tumbo la ala ni bapa kutoka mdomoni hadi chini, na ubavuni pameshonewa kimfuko chembamba chenye kifuniko chake. Kimfuko hicho ni cha magazini ya akiba, yaani kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye bastola. Revolva haina magazini: risasi zake hukaa ndani ya silinda, na silinda huivimbisha ngozi mahali pamoja, juu kidogo ya nusu ya ala. Ni kweli bastola bapa zilikuwepo Léopold akiwa hai, maana jeshi la Ubelgiji lilipokea Browning ya FN, kiwanda cha silaha cha huko, mwaka 1900. Lakini ile ni ndogo, mtutu wake una milimita 102 tu, na ala ya pichani, ukiilinganisha na mkanda uliolazwa kando yake, ni kubwa mno kwake. Umbo lake linafanana zaidi na la ala za GP, bastola ya FN ya 1935. Léopold II alifariki Desemba 1909. Tungesema kwa uhakika zaidi kama kando ya ala pangewekwa rula na kama mgongo wake nao ungepigwa picha. Tunaomba picha zijazo ziwe hivyo, kwa sababu mambo mengi yenye thamani hukaa mgongoni.

Kosa kubwa tunaloliona kwa wakusanyaji ni kuanza na muhuri. Mtu akiona herufi mbili tatu hukimbilia kuzitafutia maana, na akishaipata hulazimisha vitu vingine vyote vifuate. Sisi huanza na umbo, tukaja kwenye ngozi na mshono, kisha vyuma, na muhuri tunausoma mwisho. Herufi hupigwa kwa dakika moja, hata leo. Uvimbe wa silinda uliojengwa na miaka ishirini ya kubebwa kiunoni haughushiki kirahisi.

Kupima kunahitaji kijiti chembamba cha mbao kilichosuguliwa ncha ikawa duara, kipande cha uzi, na rula ya milimita. Ingizeni kijiti taratibu mpaka kigote chini, mkitie alama mdomoni. Kisha nje ya ala, tafuteni kwa kidole mahali uvimbe unapoanzia upande wa chini. Kutoka ncha ya ala hadi hapo ndio urefu wa mtutu, kwa kukadiria, kwa kuwa mtutu wa revolva huanza pale silinda inapoishia. Upana wa uvimbe husema ukubwa wa silinda: ya Colt ya 1873 ina kipenyo cha milimita 42 hivi, na ya Smith & Wesson ya .38 (kipimo cha risasi kwa inchi) ya umbo la kati ina milimita 37. Ndani, mwangazeni kwa tochi mtafute mfereji mwembamba uliochimbwa na shabaha ya mbele, ile nundu ya kulengea iliyo juu ya ncha ya mtutu. Msijaribu kwa kutia bastola halisi. Sheria kando, ngozi kavu hupasuka kwenye mshono mara tu inapotanuliwa.

Mkishapata urefu, linganisheni na mitutu inayojulikana. Nagant ya Ubelgiji ya 1878 ina mtutu wa milimita 140. Nagant ya Urusi ya 1895, iliyobuniwa na Léon Nagant wa Liège, Ubelgiji, ina 114. Revolva ya Ufaransa ya 1892 ina 117, na ala yake ni nene, ya mviringo, ndiyo maana Wafaransa huilinganisha na paja la nguruwe. Webley Mk VI ya Waingereza, iliyopokelewa 1915, ina 152. Enfield No. 2 ya 1932 ina 127. Colt na Smith & Wesson za Marekani za 1917 zina 140. Colt ya 1873 ilitengenezwa kwa urefu mbalimbali, na ule wa wapanda farasi ulikuwa 190.

Mtaona namba zinagongana. Nagant ya 1878 na revolva za 1917 zote zina 140. Hapo upana wa silinda ndio huzitenganisha, maana risasi ya Ubelgiji ilikuwa ya milimita 9 na ile ya Marekani ni ya .45, milimita 11 na kitu. Enfield na Smith & Wesson ya .38 waliyopewa majeshi ya Uingereza katika Vita vya Pili zote zina 127, na hapo silinda pia haisaidii sana. Tazameni ndani ya kifuniko: Enfield hufunguka kwa kukunjika katikati na ina komeo la chuma juu nyuma ya silinda, na komeo hilo huacha mikwaruzo mahali ambapo Smith & Wesson haigusi.

Vipimo hudanganya kwa njia mbili. Ala iliyonyeshewa kisha ikaanikwa karibu na moto husinyaa, na mtutu unaoupata ni mfupi kwa milimita kadhaa kuliko wa kweli. Ukiona ngozi imekuwa ngumu kama mbao na uso wake umejikunja, ongezeni shaka. Njia ya pili ni ala zilizo wazi chini, za kiraia hasa, ambazo ncha ya mtutu ilichungulia nje. Hizo zipimeni kwa kufuata doa jeusi la chuma na mafuta ndani, wala msitegemee urefu wa ngozi.

Jambo lingine la umbo ni upande. Ala ikivaliwa kiunoni kulia na mpini ukaelekea mbele, watu husema ni ya mtu wa mkono wa kushoto. Sivyo. Ala za jeshi la Marekani za revolva za 1909 na 1917 zilikatwa hivyo kwa askari wote, kufuata desturi ya wapanda farasi. Chunguzeni pia kama kifuniko kilikatwa baadaye. Mafundi wa zamani walipiga mstari mwembamba sambamba na ukingo wote. Mstari huo ukifika mahali ukakatika ghafla bila kupinda, kisu kilipita hapo baada ya ala kutoka kiwandani. Ala iliyokatwa kifuniko si ya uongo, imetumika tu, lakini msiiite ya wachunga ng'ombe wa Texas.

Tuje kwenye ngozi. Ala za kijeshi za zamani ni za ngozi nene iliyotengenezwa kwa magome ya miti: ukingo wake ni wa kahawia mpaka katikati, na huhifadhi umbo. Ngozi ya kromu, iliyotengenezwa kwa chumvi za kromu badala ya magome, ni laini, hurudi ukiibonyeza, na kiini chake mara nyingi ni cha kijivu au buluu hafifu. Msiikate kutazama, angalieni ndani ya tundu la mshono lililopanuka. Kromu ilianza kuenea viwandani baada ya miaka ya 1880, kwa hiyo peke yake haithibitishi kwamba kitu ni kipya. Ila ala nene ya kijeshi inayodaiwa kuwa ya 1890, halafu kiini chake ni cha buluu, tunairudisha kwa mwenyewe.

Mshono wa mkono, ule wa sindano mbili na uzi mmoja, huonekana sawa mbele na nyuma, na ukikatika mahali pamoja sehemu nyingine hushika. Wa mashine una nyuzi mbili zinazokutana katikati ya ngozi. Ukivutwa vibaya, mafundo hujitokeza upande mmoja. Hesabuni mishono katika milimita 25, sehemu tatu tofauti, muandike. Hesabu ikibadilika ghafla, pameshonwa upya. Uzi wa asili ulikuwa wa kitani au pamba. Nailoni iligunduliwa 1935, ikaingia sokoni 1938. Ukiikuta kwenye ala ya 1915 maana yake ni fundi viatu wa baadaye, au ala yenyewe ni ya juzi. Kutofautisha, chukueni unyuzi uliokwisha kulegea wenyewe, muuguse na moto mbali na ngozi: nailoni huyeyuka ikawa kitone kigumu, kitani huacha majivu. Ile taa ndogo ambayo wabadilishaji pesa hukagulia noti za dola nayo inasaidia. Nyuzi nyingi za kisasa hung'aa samawati chini yake, kitani cha zamani hubaki kimefifia. Sabuni ya kufulia nayo hung'aa, kwa hiyo ala iliyowahi kuoshwa itawachanganya.

Vyuma vina habari kuliko watu wanavyodhani. Leteni sumaku. Shaba ya manjano haivutwi; chuma kilichopakwa rangi ya shaba huvutwa, na ala nyingi za kuiga huwa nacho. Lakini wakati wa vita viwanda vilibana shaba na kutumia chuma, kwa hiyo sumaku peke yake haitoi hukumu. Vifungo vya kubofya ni vya kuanzia miaka ya 1880, na ndani ya kikombe chake mara nyingi pana jina la kiwanda, kama Raymond la Ufaransa, Prym la Ujerumani au Scovill la Marekani. Jina hilo ni la aliyetengeneza kifungo. Tumeona watu wakiliandika kama jina la aliyeshona ala. Ute wa kijani unaozunguka ribiti hutokana na shaba kuungana na mafuta ya ngozi. Huchukua miaka kujijenga, na ukiwa umepakwa kwa makusudi hukaa juu juu bila kuingia kwenye tundu la ribiti.

Sasa muhuri. Zimeni taa ya chumba, lazeni tochi ya simu karibu na ngozi ili mwanga upite kwa ubavu, mpige picha kutoka pande nne bila kusogeza ala. Herufi zisizoonekana mchana hujitokeza. Karatasi nyembamba na penseli laini hufaa kama ngozi ni nzima. Ikiwa inamung'unyika, acheni. Maji hapana kabisa.

Kwa mkoa wetu, mihuri ifuatayo ndiyo ya kuangalia kwanza. ABL ni herufi za jeshi la Ubelgiji kwa Kifaransa na Kiflemi, na mara nyingi hufuatwa na mwaka, wa miaka ya 1950 hasa. Kwa hiyo ABL na Léopold II havikai pamoja. Mshale mpana wenye miguu mitatu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiwa ndani ya herufi U ni wa Afrika Kusini, ndani ya C ni wa Kanada. Ule wa U msiushangae Katanga, kwa kuwa reli kutoka kusini ilifika hapa 1910, na watu na vitu vilipita nayo kwa miaka mingi kabla ya barabara nzuri. Taji tatu ni alama ya Sweden. Askari wa Sweden walikuwa mjini hapa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa wakati wa vita vya Katanga, na ala yenye taji hizo huenda iliachwa siku zile, ingawa nyingi ni za bastola bapa. Herufi FP tunaziogopa. Zinaweza kuwa za Force Publique, jeshi la koloni, zinaweza kuwa za jina la mtu, na bila ushahidi mwingine hatuandiki lolote zaidi ya kwamba zipo.

Majina ya miji yana faida kubwa kuliko herufi. Muhuri wa duka wenye Élisabethville hauvuki 1966, mwaka mji ulipoitwa Lubumbashi. Wenye Costermansville ni wa kabla Bukavu haijarudishiwa jina lake katika miaka ya 1950. Congo Belge ni 1908 hadi 1960. Lakini duka lililouza si lazima ndilo lililoshona.

Hapo kuna hadithi ya familia inayorudiwa: ala hii ilikuwa ya babu, askari wa Force Publique aliyepigana Tabora 1916 au Saio, Ethiopia, 1941. Babu anaweza kuwa alipigana kweli. Ila askari wa kawaida alibeba bunduki, revolva ikawa ya maafisa, na kabla ya uhuru Force Publique haikuwa na afisa Mkongomani hata mmoja. Ala inaweza kuwa ilimfikia baba au babu baada ya Julai 1960, Wazungu walipoondoka na vyeo vikafunguka. Andikeni hadithi kama mlivyoisimuliwa, pamoja na jina la msimuliaji na tarehe, kwenye ukurasa wake. Yale yanayosemwa na ngozi yaandikeni ukurasa mwingine. Zikichanganywa, baada ya miaka kumi hakuna atakayejua kipi kilipimwa na kipi kilisikiwa.

Ala za Marekani ni rahisi kuzifuatilia, kwa kuwa viwanda vyao viliandika majina na hataza, yaani hati za haki ya uvumbuzi. Ile ya revolva ya 1917 ina US ndani ya duara refu kwenye kifuniko, na nyuma jina la kiwanda, mwaka na herufi za mkaguzi. Za kiraia zina anwani: H.H. Heiser wa Denver, George Lawrence wa Portland, S.D. Myres ambaye alikuwa Sweetwater, Texas, kabla ya kuhamia El Paso mwaka 1920. Kwa hiyo Myres wa El Paso si wa 1915. Ala ya Audley ina tarehe ya hataza, 13 Oktoba 1914, nayo ni tarehe ya mwanzo tu; kiwanda kiliendelea kuipiga miaka mingi baadaye. Mkikuta namba bila tarehe, kumbukeni kwamba hataza ya milioni moja ya Marekani ilitolewa 1911, ya milioni mbili 1935, ya milioni tatu 1961. Anwani yenye namba tano za posta ni ya 1963 au baadaye.

Muhuri wa kughushi hujulikana kwa sakafu ya herufi. Fundi wa asili alipiga ngozi ikiwa na unyevu, kabla ya kuipaka rangi, hivyo chini ya herufi pana rangi ileile ya pembeni na kingo zimelala. Ukipigwa kwenye ngozi kavu ya zamani, uso wa ngozi hupasuka, kingo hubaki kali, na ndani huonekana weupe au rangi iliyojazwa baadaye. Mkwaruzo ukipita chini ya herufi badala ya kuzikata, herufi zilikuja nyuma ya mkwaruzo. Hapo hakuna mjadala.

Kuhusu utunzaji tutakuwa wafupi: msipake chochote. Mafuta ya mawese huganda, hunuka na kuita wadudu. Dawa ya viatu huziba mihuri. Oili ya gari huozesha uzi. Masika ala ikae mahali penye hewa, imejazwa karatasi isiyo na wino, na ukungu ukitokea upanguswe nje ya nyumba kwa brashi laini. Kiangazi isikae juu ya kabati chini ya bati. Ngozi ikianza kuacha unga mwekundu vidoleni, imeliwa na asidi, na moshi wa salfa ni mmoja wa wasababishaji. Mji huu umeyeyusha shaba tangu 1911. Hali hiyo hairudi nyuma. Ifungeni kwa kitambaa cha pamba, msiipindepinde.

Atakayetaka kuendelea aanze na Musée national hapa mjini na idara ya historia ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kisha magazeti ya zamani ya Élisabethville kama L'Essor du Congo, yaliyochapa matangazo ya maduka. Nje, Musée royal de l'Armée ya Brussels ina vifaa vya jeshi la Ubelgiji, na Grand Curtius ya Liège ina mkusanyo wa silaha za mji huo. Tumeni picha ya mbele, ya nyuma, ya ndani ya kifuniko na ya mdomo, zote na rula, pamoja na vipimo. Swali la "hii ni ya mwaka gani" bila vipimo halijibiwi.

Mwisho, ala yenyewe ni ngozi tu, lakini silaha na risasi ziko chini ya sheria ya 1985, na kuvaa ala barabarani, hata tupu, ni kujitafutia matatizo na polisi. Baadhi ya ala zina vitanzi vya risasi, na mara nyingine risasi bado zimo, zimeganda kwa ule ute wa kijani. Msizivute kwa koleo, msizipashe moto, msizitie mafuta ili zilegee. Acheni ala palepale ilipo, watoto wasikaribie, muwaite polisi wazitoe wao.

Ni sisi mafundi wa ngozi na wakusanyaji wa vitu vya kale,
Kamalondo, Lubumbashi